Muulizaji wa Bei wa Ngokolo

Kuna waliojaliwa sauti, kuna waliojaliwa mkono wa kupika. Theonest wa Ngokolo, pale Shinyanga, alijaliwa sura ya mtu asiye na hela, na sura hiyo ndiyo iliyomjengea nyumba, ikamsomeshea binti yake Limi mpaka chuo cha uuguzi.

Ufukara wenyewe hakuwa nao. Lakini akivaa shati lake la kazini lenye kiraka begani, akapanda baiskeli yake isiyo na breki ya nyuma, akaingia dukani huku anajikuna shingo, basi hata mwenye duka mwenye moyo wa jiwe alimwonea huruma akamtajia bei ya kweli. Na bei ya kweli, kwa watu wa huku, ni kitu cha kutafutwa kwa tochi.

Maana kutoka Shinyanga mpaka Geita kila kitu kina bei mbili. Ipo bei ya pamba, anayotajiwa mkulima, mwalimu na muuguzi. Na ipo bei ya dhahabu, anayotajiwa mtu ambaye udongo wa duara, lile shimo analochimbia, bado umo kwenye kucha zake. Hakuna aliyezibandika ukutani. Muuza matofali, muuza viwanja, hata fundi cherehani, akimwona mchimbaji mlangoni ulimi wake hujiongeza wenyewe. Wachimbaji walijua wanapigwa, na kwa kuwa si watu wa kukaa kimya, walimtafuta Theonest. Wao wakanywe chai pembeni, yeye aende akaulize. Akishakubaliana bei na kupeana mikono, mwenye hela anatokea na mfuko wake, na muuzaji anabaki anameza mate.

Hakuisomea kazi hii. Alikuwa dereva wa lori la pamba, na kabla ya hapo utingo, enzi ambazo lori likipanda kilima, watembea kwa miguu walilipita wakalisalimia. Katika siku hizo za utingo ndipo alipopata ugonjwa wake. Magari ya mashindano yalipita barabara ya Tinde, yakamkuta amesimama kando na lori lililopasuka tairi. Alisikia mlio kabla hajaona kitu, halafu vumbi, halafu kitu cha rangi ya buluu kikakata kona ambayo lori lao liliikata kwa dua, kikatokomea. Theonest alibaki ameshika spana, mdomo wazi, mpaka dereva wake akamwuliza kama amepigwa na jua. Tangu siku hiyo alitamani jambo moja maishani, kuliendesha gari la namna ile, hata mara moja tu. Mkewe Scolastika alilijua, watoto walilijua, na padri alilijua pia, ingawa si dhambi.

Sasa siku moja akaja Mwigulu.

Mwigulu ni mtu wa Katoro, hajatimiza miaka arobaini, na msimu ule duara lake lilikuwa limetema dhahabu. Limetema haswa, si yale mawe ya kubabaisha ambayo mtu anayapeleka kwenye karasha yakasagwa akaambulia hela ya maharage. Alikuwa amejenga baa na nyumba ya wageni pale Katoro, na kila aliyepita barabara ya kwenda Geita aliiona hata kama hakutaka. Aliingia uwanjani kwa Theonest akiwa amevaa miwani ya jua, akaivua kwa heshima.

"Shikamoo, Baba Limi."

"Marahaba, tajiri. Karibu kiti."

Mwigulu hakukaa. Alitoa simu akamwonyesha picha. Ilikuwa Subaru ya buluu, ina bawa kubwa mgongoni na tundu la kupitisha hewa kwenye boneti, na rimu zake ni za rangi ya dhahabu.

"Ona rimu," Mwigulu alisema. "Gari hii imeniita kwa jina. Wanasema ni toleo maalumu, zilitengenezwa mia chache tu dunia nzima, kila moja na namba yake. Hii iliagizwa na mtu wa ng'ambo ya mpaka, ikafika bandari kavu ya Isaka, mwenyewe akaishiwa. Ruchi, yule mwenye yadi ya magari mjini, akaibeba."

Theonest aliisogeza simu karibu na macho. Alikuwa anaangalia lile tundu la boneti, na moyo ulikuwa unamdunda mpaka akaona aibu, mtu mzima na mvi zake.

"Mimi kuendesha sijui," Mwigulu aliendelea bila haya yoyote. "Kwa hiyo tufanye hivi. Ukinipatia kwa bei ya pamba, dereva ni wewe. Popote itakapokwenda, usukani ni wako."

Usiku ule Theonest hakulala, na asubuhi Scolastika alimkuta amekwishavaa shati la kiraka na bado anajitazama kiooni. Alimkagua kuanzia kandambili mpaka kichwani, akatikisa kichwa.

"Baba Limi, unatabasamu. Ukienda hivyo utapandisha bei. Fikiria msiba."

Akafikiria msiba njia nzima kutoka Ngokolo mpaka mjini, akafika kwenye yadi ya Ruchi akiwa na uso uliokunjamana vizuri.

Ruchi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushee. Baba yake aliuza spea za malori palepale kwa miaka mingi, naye alipoachiwa biashara akaleta magari. Kisukuma alikijua vizuri kuliko Theonest, ambaye baba yake alihamia Shinyanga kutoka upande wa Biharamulo kufuata kazi ya kiwanda cha kuchambua pamba. Theonest alifuata kanuni zake zote. Hakulitazama gari la buluu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu iliyochoka, akalipiga teke tairi, akaguna, akauliza kama redio inafanya kazi.

"Shikamoo, Mzee Theonest," Ruchi alisema nyuma yake. "Mwangaluka."

"Marahaba. Mwangaluka, mama."

"Ngoja nikuletee kiti. Na soda. Unakunywa ya rangi gani?"

Hapo Theonest aliingiwa na wasiwasi. Katika miaka yote ya kuuliza bei hakuna aliyewahi kumletea kiti. Maskini haletewi kiti. Alikaa ukingoni, akaishika soda kwa mikono miwili, akauliza bei ya pikapu, akauliza bei ya gari dogo jeupe, halafu kwa sauti ya mtu anayejiuliza tu kama mvua itanyesha, akauliza na lile la buluu.

Ruchi akataja bei.

Theonest alizoea kuhesabu vitu vikubwa kwa ng'ombe, kama walivyofanya wakwe zake. Alianza na zizi la shemeji yake, likaisha. Akaingia la jirani wa shemeji, nalo likaisha. Alipofika kwenye ng'ombe wa mnada aliacha, kwa sababu soda ilikuwa inataka kumpalia.

"Mama, mimi nauliza tu."

"Najua unauliza, mzee. Ndiyo kazi yako."

Akavuta kiti kingine, akakaa karibu naye, na wala hakusema kwa dharau. "Uliulizia karasha kwa jirani yangu pale. Kesho yake wachimbaji wakaja na hela kwenye mfuko wa simenti. Ukaulizia viwanja vya Ndembezi, ikawa hivyohivyo. Ukaulizia jenereta. Mzee wangu, mji huu siku hizi mtu akiiona baiskeli yako inakata kona, anapandisha bei kabla hujashuka. Akija mwalimu wa kweli tunampunguzia. Ukija wewe, tunajua dhahabu iko nyuma inakunywa chai."

Theonest aliitazama ile soda. Aliona haya kweli, haya ya mtu aliyejidhani amevaa nguo kumbe yuko uchi sokoni. Kwa muda gani amekuwa akiwapelekea watu bei ya dhahabu na kuwaambia ni ya pamba, nao wanamshukuru na kumpa chake?

"Kwa hiyo sura yangu imewekewa cha juu," alisema.

"Si chote. Cha juu cha gari hii kina ukoo mrefu." Ruchi alihesabu kwa vidole. "Huko Japani ikiwa mpya, wanaoitaka walikuwa wengi kuliko magari, muuzaji akaweka chake. Aliyeinunua akaiweka ndani ikalala, akaja kuiuza na chake. Dalali wa mnada akaweka chake. Mimi nimeweka changu, sikufichi, nina watoto. Halafu juu kabisa kuna kidogo kwa ajili yako."

"Kidogo?"

"Kama ng'ombe wachache. Biashara haigombi, mzee."

Theonest alicheka, akashangaa kwamba anacheka. Kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha kuharibika, hakuona sababu ya kuendelea kulikwepa lile gari. Aliinuka, akalizunguka polepole kama mtu anayezunguka ng'ombe wa mahari. Aliinama akaona kibao kidogo karibu na gia, kina namba yake. Alipiga magoti akachungulia chini. Alipoinuka, uso wa msiba ulikuwa umemwondoka wote.

"Mama, naomba nilisikie tu likinguruma. Nilisikie, niende zangu."

Ruchi akampa ufunguo. Gari liliwaka kwa kishindo kifupi, halafu likatulia kwenye ule mlio wa kugugumia, wa kukatakata, mlio aliousikia mara moja tu maishani akiwa ameshika spana. Kuku waliokuwa chini ya pikapu walikimbia, mlinzi akasogea kusikiliza. Theonest alikanyaga mafuta kidogo, akacheka peke yake, akakanyaga tena.

"Kumbe hukuja kuuliza tu," Ruchi alisema dirishani.

"Leo nimeshindwa kazi," akamjibu, na alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Akampigia Mwigulu palepale. Angeweza kudanganya. Angeweza kusema hii ndiyo bei ya pamba, akaupata usukani wake, na nani angejua? Lakini mtu aliyeishi kwa kutafuta bei ya kweli hawezi kuanza uongo na mvi kichwani. Alieleza yote, cha juu cha Japani, cha mnada, cha Ruchi, na cha sura yake mwenyewe. Alimwambia atafute mtu mwingine wa kuuliza, mgeni, asiyejulikana, na kwamba amewakosea wengi bila kujua.

Halafu Mwigulu akauliza jambo ambalo Theonest hakulitegemea.

"Hiyo bei, kuna mtu yeyote ukanda huu aliyewahi kununua gari kwa bei hiyo?"

"Wapi, tajiri. Hayupo."

"Basi mwambie asipunguze hata shilingi."

Theonest alidhani hakusikia vizuri.

"Baba Limi, fikiria," Mwigulu alisema. "Nikiinunua kwa bei ya pamba, nitamwambia nani? Mwanzoni sikujua inafika huko. Sasa nimejua. Nimepata wazo. Naipandisha kwenye lile jukwaa la marumaru la wanamuziki mbele ya baa, na taa chini yake. Tunaitoa matairi, rimu zinabaki ziking'aa, watu wanapiga nayo picha. Kesho naleta hela, na lori la kuibeba. Hata vumbi isiguse."

Wabeja sana, Theonest alisema, maana ndiyo shukrani iliyomjia mdomoni, akakata simu. Akasimama katikati ya yadi. Gari lile limeletwa kutoka upande mwingine wa dunia, limeundwa likimbie, linakwenda kung'olewa matairi mbele ya wanywa bia. Na yeye hatalishika tena. Aliumia kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya gari, na hakujua kipi kinamuuma zaidi.

Mganga hajigangi, wanasema. Theonest alikuwa amebishania bei za watu maisha yake yote, na hakuwahi kubishania kitu kwa ajili yake. Alikaa kwenye kile kiti, akaimaliza soda iliyokuwa imepata moto wa mkono wake, akampigia tena Mwigulu.

"Tajiri, lori ni lako na hela ni zako. Nauliza tu. Lori litafunika gari kwa turubai?"

"Lazima, kwa ajili ya vumbi."

"Basi vizuri. Wa Tinde hawatajua ulichopitisha. Isaka pale wenye malori wanasimama wengi, nao watadhani ni friji. Kahama, wale waliokucheka duara lako likiwa kavu, watakuwa wamekaa barazani, turubai inapita. Ushirombo hivyohivyo. Sawa, watakuja kuliona Katoro wakipata nauli."

"Na likiendeshwa?" Mwigulu aliuliza.

"Likiendeshwa, na wewe umekaa mbele, kioo kimeshushwa? Sijui, tajiri. Mimi ni muulizaji tu."

Kesho yake asubuhi hela zilihesabiwa, Ruchi akapeana nao mikono, na Theonest akaingia upande wa usukani. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Mwigulu alikaa kando yake na miwani ya jua, amefunga mkanda, kiwiko dirishani.

Mpaka Tinde alikwenda kwa adabu. Kuna askari wa tochi za kupima mwendo barabara ile, na Theonest hakutaka safari yake ya pekee ikatizwe na risiti. Tinde watu walisimama. Isaka madereva wa malori walipiga honi, wakashuka kulitazama, mmoja akainama kabisa barabarani kuangalia rimu, na Mwigulu akawapungia mkono kama mgombea. Kahama alimwomba Theonest apite mtaa uleule mara mbili. Wale wa barazani walikuwepo. Mwigulu alishusha miwani puani ili wamtambue vizuri, nao walimtambua.

Ilikuwa baada ya Kahama, barabara ikinyooka na kufunguka, pamba na mahindi kulia na kushoto, hakuna nyumba wala ng'ombe, ndipo Theonest alipovuta pumzi.

"Tajiri, umeshika mahali?"

"Nishike wapi?"

Akashusha gia, akakanyaga.

Lile gari halikuondoka, lilirushwa. Mgongo wa Theonest ulizama kwenye kiti, mlio ukapanda mpaka ukamjaa kifuani, na barabara aliyoipita miaka yote na lori la pamba, barabara aliyojua kila shimo lake na kila mlima ulioichosha injini, ikaanza kumjia mbio. Kilima ambacho lori lilikipanda kwa kumwomba Mungu, hakukiona. Kona ikaja, akapunguza, akageuza usukani, gari likaishika lami na kuzunguka pale alipolitaka, na likatoka upande wa pili likitaka zaidi. Akalipa zaidi. Alikuwa anapiga kelele, au anaimba, hata yeye hakujua. Machozi yalimtoka yakakauka hapohapo kwa upepo. Umri wake aliuacha huko nyuma pamoja na jina la muulizaji wa bei, na kama angekufa siku ile, angekuwa na la kumsimulia malaika kabla hajaulizwa dhambi zake.

Mwigulu, mtu anayeshuka chini ya ardhi kwa kamba bila kupepesa macho, alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Miwani ilikuwa imeanguka. Hakusema neno kupita Masumbwe, hakusema Ushirombo, hakumpungia mtu yeyote mkono. Theonest alimtupia jicho mara moja, akadhani amekasirika, akapunguza mwendo. Mwigulu alimwangalia kwa namna iliyomfanya aongeze tena.

Katoro ilitokea upesi. Ilikuwa upesi mno, na Theonest alipoona vibanda vya kwanza na bodaboda zikijipanga pembeni kuwapisha, furaha ilianza kumtoka. Aliingia mjini taratibu. Mbele ya baa watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, spika zinapiga muziki, na jukwaa la marumaru limeoshwa linameremeta. Mafundi wawili walikuwa wamesimama na jeki na matofali ya kulisimamishia.

Theonest akasimamisha gari, akaweka gia huru. Hakuzima. Alijiambia atazima akihesabu mpaka tatu, akahesabu mara kadhaa.

"Tumefika, tajiri," alisema. "Nakushukuru sana. Mungu akubariki."

Watu walikuwa wanagonga vioo. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kuinama na jeki. Mwigulu alikuwa bado ameshika mpini wa mlango, anatazama jukwaa lake kama mtu aliyeonyeshwa kiwanja ambacho hakukinunua.

"Geuza," alisema.

"Tajiri, watu wanakungoja."

"Wangoje. Nimelipa hela yote ile, halafu umenifikisha upesi hivi?" Akavuta mkanda wake ukakaza. "Geuza, Baba Limi. Turudi Ushirombo. Na wewe kule kwenye kona, ulipunguza. Nilikuona."

Theonest akapiga honi, fundi akaruka pembeni na jeki yake, na watu wa Katoro wakafungua njia.